Usizibe Ufa: Makupa, Kijabe na Olkaria

Mhadhara uliotolewa Olkaria mbele ya wahandisi, walimu, wafugaji na wakazi wa Naivasha. Unachapishwa kama ulivyosemwa, bila maswali ya mwisho.

  Nililelewa Mombasa, na kwa miaka mingi nimefundisha huku Naivasha. 

 Niliombwa nichague daraja moja la mjini lililo moyoni mwa watu, nieleze historia yake. Najua wengi mlitarajia Nyali, kule Mombasa. Nyali linastahili mhadhara wake peke yake: lile la kwanza la mwaka 1931, lililoelea juu ya maboya, likipanda maji yakijaa na kushuka yakipwa, na hili la zege lililofunguliwa mwaka 1980. Lakini mimi nimechagua Makupa, na ninayo sababu. Reli inayopita pale juu, kando ya Longonot, ilivuka maji kwa mara ya kwanza Makupa. Kilichofanyika kule pwani kilifanyika pia huku bondeni, na mwaka 2024 jirani zetu walikilipia kwa roho zao.

Shabaha yangu ni moja. Kila daraja lina wapitaji wawili, anayepita juu na anayepita chini. Wa juu hulipa kodi, hupiga kura, na siku ya uzinduzi hupigwa picha. Wa chini ni maji, ni samaki, ni mvuvi ndani ya mtumbwi, ni pundamilia na watoto wake. Historia za madaraja tulizozoea zimeandikwa na wa juu. Leo nataka tuisome moja kutoka chini.

Hoja ya kwanza: Makupa ilikuwa njia kabla ya kuwa daraja.

Wasioijua Mombasa wavute picha hii. Bahari inakikumbatia kisiwa kwa mikono miwili. Mkono mmoja unapita mbele ya Mji wa Kale na kuingia hori ya Tudor. Mkono wa pili unapita Likoni, ukaingia Kilindini. Mikono hiyo ilikuwa ikikutana nyuma ya kisiwa, upande wa bara, mahali paitwapo Makupa. Pale mkondo ni mwembamba na maji si marefu. Yakipwa, hasa bamvua, mtu aliweza kukunja nguo yake magotini akavuka kwa miguu. Kwa hiyo wa juu na wa chini walitumia mahali pamoja kwa zamu: maji yakijaa, ni zamu ya mitumbwi na samaki, yakipwa, ni zamu ya watu na mbuzi wao. Hakuna aliyejenga kitu. Mwezi ndio uliogawa zamu.

Kivuko hicho kiliwahi kuamua hatima ya mji. Mwaka 1589 wapiganaji walioitwa Wazimba, waliokuwa wamepanda kutoka kusini, walipiga kambi ng'ambo ya Makupa. Kisiwani alikuwako Mturuki Mir Ali Bey na merikebu zake, na baadhi ya merikebu hizo zilisogezwa karibu na kivuko ili kuwazuia Wazimba wasivuke. Wareno wakaingia bandarini kwa nguvu, wakaziangamiza merikebu zile, kivuko kikabaki wazi. Wazimba wakavuka, mji ukaangamia. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus kwenye mlango wa bahari, na baadaye Makupa nako kukawekwa vingome vidogo vya kulinda mlango wa nyuma. Nayasema haya ili muone kwamba pale palikuwa mlango wenye bawaba zake muda mrefu kabla ya kuja kwa reli.

Reli ilianza kujengwa mwaka 1896, George Whitehouse akiwa mhandisi mkuu. Kazi kubwa ya mwanzo ilikuwa kutoka kisiwani. Wakajenga Makupa daraja la muda la mbao, vyuma na vichwa vya treni vipate kupita. Baadaye likaja la chuma, likapewa jina la Salisbury, Waziri Mkuu wa Uingereza wa wakati ule. Wa juu sasa alikuwa na njia yake saa zote, bila kungoja mwezi. Lakini tazameni nguzo: maji yalipita katikati yake, na mtumbwi pia. Wapitaji wote wawili bado walikuwa na haki yao. Mimi huliona daraja lile kuwa ndilo lililokuwa na adabu kuliko yote yaliyofuata kwa zaidi ya miaka tisini.

Hoja ya pili: tuta si daraja.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 pakajengwa tuta. Mawe na udongo vilimwagwa ndani ya mkondo, upande hadi upande, kisha reli na barabara zikalazwa juu. Kwa anayepita juu hakuna tofauti; pengine tuta ni zuri zaidi, maana halitikisiki wala halipigwi kutu. Kwa anayepita chini, ulimwengu ulifungwa. Mikono miwili ya bahari ikaacha kushikana. Mombasa ikabaki kisiwa kwa jina.

Nilikua nikivuka tuta hilo kila wiki, nikienda kwa shangazi yangu Changamwe. Kwenye matatu nilipenda kukaa dirishani. Mama alinifundisha kutazama pande zote mbili, kulia na kushoto, akaniuliza: "Maji ya wapi yanaishi?" Sikumwelewa. Miaka ikapita ndipo nikaanza kuona. Maji yalifika mpaka kwenye mawe ya tuta, yakasimama, yakageuka kurudi yalikotoka, pande zote mbili. Hayakuwa na pa kwenda. Palipokuwa na mkondo pakatulia tope, mikoko mingine ikadhoofika, na pale Kibarani, hatua chache kutoka majini, jiji likamwaga taka zake kwa miaka mingi mpaka jaa lile lilipofungwa miaka ya 2018 na 2019. Msafiri alijua amefika Mombasa kwa harufu kabla hajaona bahari. Na mvuvi wa Tudor aliyetaka kwenda upande wa Port Reitz, badala ya kupiga kasia chache kupita Makupa, ilimbidi akizunguke kisiwa kizima kupitia baharini.

Lengo langu si kuwatukana waliojenga tuta. Walikuwa na hesabu yao: treni zilikuwa zimeongezeka uzito, magari yanakuja, na mawe yalikuwa rahisi kuliko chuma. Ila katika hesabu ile kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuhesabiwa, na ndiye aliyelipa deni.

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Mwezi wa Agosti 2022 Rais Uhuru Kenyatta alifungua daraja jipya la Makupa, lililogharimu takriban shilingi bilioni 4.5. Sababu kubwa ya kulijenga ilikuwa kuyafungulia maji yapite tena. Hebu lifikirieni hilo, wahandisi. Barabara ilikuwapo, reli ilikuwapo, malori yalikuwa yanavuka. Nchi ilitoa mabilioni kwa ajili ya anayepita chini. Sijui daraja lingine katika nchi yetu ambalo wa chini alijengewa hivyo. Nilikwenda kuliona mwaka uliofuata, maji yakijaa. Nilisimama nikatazama majani ya mkoko yakipita chini ya zege, polepole, kutoka upande mmoja kwenda upande wa pili. Jani baada ya jani. Mama hakuwahi kuliona hilo. Nilikaa pale mpaka maji yakatulia.

(Nimeulizwa hapa mbele kuhusu Likoni. Kwa ufupi: daraja la kuelea la waenda kwa miguu lililowekwa pale mwishoni mwa 2020 lilitengenezwa lifunguke katikati, kwa sababu meli za Kilindini lazima zipite. Meli ni kubwa, ina bendera na wakili, haiwezi kusahauliwa. Samaki na mvuvi husahauliwa upesi.)

Hoja ya tatu: kosa la Makupa liko pia kwenye ukingo wa bonde letu.

Reli ilifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899, ikaja kusimama kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Mwanzoni mabehewa yalishushwa kwa kamba kwenye miteremko mikali, huku kazi ya njia ya kudumu ikiendelea. Njia ile ya kudumu ilipokamilika ilikuwa na madaraja marefu ya chuma juu ya makorongo. Mbele yetu, kwenye milima ya Mau, ambako reli ilikuwa inashuka kuelekea Kisumu, yalijengwa madaraja 27 ya namna hiyo. Vyuma vyake vilitoka Marekani, kwa kampuni iitwayo American Bridge Company, na mkataba ule uliwaudhi wenye viwanda wa Uingereza. Mwezi wa Desemba 1901 reli ikafika Kisumu.

Sasa swali kwa wanafunzi wangu mlio hapa: kwa nini kwenye makorongo ya Mau walijenga madaraja yenye miguu mirefu, na kwingine wakatosheka na tuta lenye kalvati chini? Je, waliyahurumia maji ya Mau? La. Makorongo yale ni marefu kwenda chini, kuyajaza udongo kungemaliza fedha na watu. Kina ndicho kilichowalazimisha. Palipokuwa na bonde dogo, ambalo udongo ungeweza kulijaza, walilijaza, wakaacha tundu la maji. Kwa hiyo adabu ya daraja la Mau ililetwa na korongo lenyewe. Na pale ambapo ardhi haikuweza kujitetea, tukaweka tundu.

Tundu hilo ndilo nataka tulitazame kwa karibu. Kalvati hupimwa kwa maji. Mhandisi huuliza mvua ni kiasi gani, eneo linalokusanya maji ni kubwa kiasi gani, kisha huchagua kipenyo. Lakini mto wa ukingoni hauleti maji matupu. Huleta matope, huleta mawe, huleta visiki vya mikaratusi na matawi ya miti iliyokatwa juu ya mlima, na siku hizi huleta magunia na plastiki. Kisiki kimoja kikikaa mshazari kwenye mdomo wa kalvati, matawi hunasa juu yake, nyasi hunasa kwenye matawi, tope huziba palipobaki. Ndani ya saa chache tuta limegeuka bwawa ambalo hakuna aliyelipanga, halina mlango wa kupunguzia maji, halina mlinzi, wala halimo kwenye orodha ya mabwawa ya nchi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Old Kijabe. Kabla ya alfajiri ya Jumatatu, tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli yalivunja na kuteremka Mai Mahiu. Wizara ya Maji ilieleza kwamba njia ya mto chini ya tuta ilikuwa imezibwa na uchafu uliobebwa na mafuriko. Kijiji cha Kamuchiri kilipigwa watu wakiwa usingizini. Zaidi ya watu 50 walikufa.

Naomba tunyamaze kidogo. Miongoni mwetu wako waliozika.

Ahsanteni. Nilifika pale wiki mbili baadaye. Mzee mmoja alinionyesha nyumba yake ilipokuwa. Aliinyoosha fimbo yake, akachora pembe nne hewani juu ya tope lililokauka: hapa mlango, hapa jiko, hapa walikolala wajukuu. Ardhi yenyewe haikuonyesha chochote. Nyumba ilikuwa ndani ya mwendo wa fimbo ile. Nilipomuuliza kama waliwahi kuhofia tuta, alijibu kwamba tuta lilikuwapo kabla yeye hajazaliwa, na kitu ulichozaliwa ukakikuta hukihofii. Maneno hayo hayajaniacha. Tuta la Makupa nami nilizaliwa nikalikuta.

Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni usia mwema kwa mwenye nyumba. Kwa mwenye kujenga njia ya kukata mto, nauomba usia huo tuugeuze: kuna ufa ambao kuuziba ndiko kunakobomoa nyumba za watu.

Hoja ya nne: mfano mwema uko hapa hapa Olkaria, na mnaupita kila asubuhi.

Jotoardhi ya Olkaria ilianza kutafutwa miaka ya 1950, na mtambo wa kwanza wa Olkaria I ukaanza kutoa umeme mwaka 1981. Mbuga ya Hell's Gate ilitangazwa mwaka 1984, ikiwa na kilomita za mraba 68. Kwa hiyo mitambo na wanyama wamelazimika kukaa nyumba moja. Kutoka kwenye visima hadi kwenye mitambo mvuke husafirishwa kwa mabomba marefu ya chuma, nayo yamelazwa karibu na ardhi. Kwa twiga, nyati au swala, bomba la namna hiyo ni ukuta. Ni tuta la Makupa kwa umbo jingine.

Lakini chuma kina tabia yake. Kikipata joto hurefuka. Bomba la mita 100, likipashwa kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 170, hurefuka karibu sentimita 18. Ukilinyoosha moja kwa moja, litajisukuma mpaka livunje nguzo zake au lipasuke. Ndiyo maana kila baada ya umbali fulani huwekwa kona, mikunjo inayolipa bomba nafasi ya kupumua. Mikunjo hiyo ingeweza kulazwa chini, kulia au kushoto, na kazi ingefanyika vilevile. Mahali pengi imefanywa hivyo. Lakini kwenye njia za wanyama na kwenye barabara imeinuliwa juu, ikawa kama mlango mrefu usio na mabawa. Twiga hupita bila kuinamisha shingo.

Wahandisi mlio hapa mtaniambia hilo ni jambo dogo. Mimi naliona kubwa. Kona ilikuwa ya lazima kwa ajili ya chuma. Mtu fulani akauliza, kwa kuwa ni lazima tukunje, kwa nini tusikunje pale anapopita mnyama? Swali hilo halikuhitaji mabilioni. Lilihitaji mtu ajue njia za wanyama ziko wapi kabla ya kuchora.

Mwaka jana niliwaleta wanafunzi chini ya mlango mmoja wa namna hiyo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hatukuona twiga siku ile. Tuliona samadi. Chini ya mlango ilikuwa imetapakaa, ya pundamilia, ya nyati na vitembe vya swala, mpya juu ya kavu. Hatua 30 kando, chini ya bomba lililonyooka, hapakuwa na hata kidogo. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akasema, "Mwalimu, wamesaini kitabu cha wageni." Nilimpa alama zote.

Nisiwapambe sana, maana haki haigawanywi kwa wanyama peke yao. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha Olkaria IV, zikapelekwa makazi mapya ya RAPland. Malalamiko yao yalifika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na usuluhishi ukafanyika. Mfugaji naye ni mpitaji wa chini, na njia za ng'ombe wake zilikuwapo kabla ya ramani zetu. Na daraja refu nalo halimalizi ubishi: reli mpya inapita Mbuga ya Nairobi juu ya nguzo kwa takriban kilomita 6, na wapenzi wa wanyamapori waliipinga hata hivyo, wakitaka isipite mbugani kabisa. Mimi ningependa wangesikilizwa mapema zaidi. Lakini kati ya nguzo na tuta, sina shaka nachagua lipi.

Ndugu zangu, kuna kazi mbele yetu. Upanuzi wa barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit utakata mito mingi inayoteremka ukingoni na kuvuka bonde hili. Kila mto utauliza swali lilelile la Makupa. Ombi langu kwa wahandisi ni kwamba, kabla ya kuchagua kipenyo cha kalvati, mpande juu mkaone ni miti gani imekatwa na magogo yamelala wapi. Kwa viongozi wa mitaa, tuwe na orodha ya matuta kama tulivyo na orodha ya mabwawa, yenye jina la mtu anayewajibika kuzibua midomo ya kalvati kabla ya masika. Kwa wafugaji, semeni. Njia ya maji na njia ya ng'ombe mnazijua ninyi. Mkinyamaza ramani zitachorwa bila hizo.

Na mimi sitaki kuwatuma kazi nikabaki nimekaa. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu, kabla mvua hazijaanza, nitakwenda na wanafunzi wangu kutembea chini ya tuta la reli, kuanzia Old Kijabe kuteremka. Tutapima upana wa mdomo wa kila kalvati, tuandike kilichonasa ndani yake, na katika kila kijiji tutamwomba mzee mmoja atuonyeshe kwa fimbo maji yalifika wapi mwaka 2024. Tutaondoka hapa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Anayetaka kuja avae buti, abebe maji ya kunywa na kofia. Wenye futi ndefu za kupimia, tafadhali zileteni. Tunazo mbili tu, na makalvati ni mengi. Daftari litakuwa langu, nami nitalirudisha katika ukumbi huu, mbele yenu.